Atomi 72 zilizotimia lakini zikakaa pasipo pake: kisa cha superseli ya oksidi ya zinki

Kazi ilionekana nyepesi. Fuwele ya oksidi ya zinki (ZnO), yenye muundo wa wurtzite, ilitakiwa irudiwe mara 3 upande wa a, mara 3 upande wa b na mara 2 upande wa c. Superseli (seli kubwa itokanayo na marudio hayo) ya atomi 72 ingepatikana, kisha ingeondolewa atomi moja ya oksijeni ili kuona majirani zake wanavyojipanga upya. Fanksheni ya kujenga superseli ilikuwapo tayari, imeandikwa kwa Python, na ilikuwa imejaribiwa kwa chumvi ya mezani (NaCl) bila tatizo lolote. Kwa ZnO ilitoa atomi 90. Iliporekebishwa ikatoa 72 na densiti ikawa sawasawa. Hata hivyo, nguvu zilizokuwa zikizivuta atomi zilikuwa kubwa kupita kiasi, na vifungo vitatu vya Zn–O vinavyopaswa kulingana vilikuwa na urefu wa 1.826, 1.934 na 2.257 Å (angstromu, sehemu moja ya bilioni kumi ya mita).

Makosa yaliyokuwamo yalikuwa zaidi ya moja, na kila moja lilijificha nyuma ya kipimo kilichoonekana cha kutosha. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Kilichoingizwa, na kilichotarajiwa

Seli ya msingi ya wurtzite, yaani kipande kidogo kinachojirudia kuunda fuwele, ni ya mfumo wa pembesita. Vipimo vilivyotumika ni a = b = 3.250 Å na c = 5.207 Å, na pembe kati ya a na b ni 120°. Vekta zake, kila moja ikiwa safu mlalo ya matriksi A, ni hizi:

```
a = ( 3.250, 0,      0     )
b = (-1.625, 2.8146, 0     )
c = ( 0,     0,      5.207 )
```

Ndani ya seli hiyo mna atomi nne. Majiranukta yake hapa ni ya kisehemu, yaani kila namba inahesabu sehemu ya vekta husika, si angstromu:

```
Zn  1/3  2/3  0
Zn  2/3  1/3  1/2
O   1/3  2/3  0.382
O   2/3  1/3  0.882
```

Kabla ya kuigusa programu, inafaa kukokotoa kwa mkono namba tatu za kupimia. Ya kwanza ni ujazo: a² × c × √3/2, sawa na 47.63 Å³. Ya pili ni densiti: uzito wa ZnO mbili ni 162.76 g kwa moli, nao ukigawanywa kwa ujazo huo na namba ya Avogadro unatoa 5.67 g/cm³. Ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, urefu wa vifungo. Kila zinki imezungukwa na oksijeni nne. Moja iko wima juu yake, kwa umbali wa 0.382 × 5.207 = 1.989 Å. Tatu nyingine ziko pembeni, na umbali wake ni kipeuo cha pili cha a²/3 + (0.118 × c)², yaani 1.974 Å. Tatu hizo lazima zilingane, kwa kuwa fuwele ina mhimili wa mzunguko wa 120°. Zikitofautiana hata kidogo, kuna kitu kimeharibika.

Fanksheni iliyokuwa ikitumika ni hii:

```
def superseli(A, f, alama, n):
    nafasi, majina = [], []
    for i in range(n[0]):
        for j in range(n[1]):
            for k in range(n[2]):
                for m in range(len(f)):
                    g = f[m] + np.array([i, j, k])
                    nafasi.append(A @ g)
                    majina.append(alama[m])
    return A * n, np.array(nafasi), majina
```

Ni fupi na inasomeka vizuri. Ina makosa mawili ya hesabu na pengo moja, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa NaCl.

Atomi 90: pengo la mipakani

Majiranukta yalikuwa yametolewa kwenye programu ya kuchorea fuwele. Programu za aina hiyo huchora atomi za pande zote mbili za seli ili picha ipendeze: atomi iliyo kwenye z = 0 huchorwa tena kwenye z = 1. Kwa mchoro si kosa. Kwa hesabu ni atomi ileile iliyohesabiwa mara mbili. Faili lilikuwa na mistari mitano badala ya minne, kwani zinki ya (1/3, 2/3, 0) ilirudiwa kwenye (1/3, 2/3, 1). Tano mara 18 ni 90: zinki 54 kwa oksijeni 36. Densiti ilipanda hadi 7.95 g/cm³, na hapa kipimo cha densiti kilifanya kazi yake vizuri. Atomi mbili zikikaa nukta moja, umbali wake ni sifuri na nishati ya msukumano wa chaji inakwenda kwenye ukomo usio na mwisho. Matokeo yake ni programu kukataa kuendelea au kuandika `nan` (si namba).

Jaribio la kwanza la kusafisha lilikuwa kulinganisha majiranukta baada ya kurudia na kufuta yanayofanana. Zikabaki atomi 81. Hesabu hii inawasumbua wengi, ilhali sababu yake ni nyepesi. Tabaka la juu kabisa lina zinki 9 kwenye z = 10.414 Å, na hizo ni zilezile za z = 0, ila kwa macho ya programu namba mbili hizo hazifanani. Marudio lazima yatafutwe kwa kuzingatia kuwa fuwele inajirudia, tena kabla ya kurudia seli, si baada yake. Kusafisha mistari mitano ni rahisi kuliko kusafisha tisini.

```
def ondoa_marudio(A, f, alama, kikomo=0.1):
    f = np.asarray(f, float)
    f = f - np.floor(f + 1e-9)
    baki = []
    for m in range(len(f)):
        for b in baki:
            d = f[m] - f[b]
            d = d - np.round(d)
            if np.linalg.norm(d @ A) < kikomo:
                if alama[m] != alama[b]:
                    raise ValueError("elementi mbili, nukta moja")
                break
        else:
            baki.append(m)
    return f[baki], np.array(alama)[baki]
```

Mambo matatu humu yamewekwa kwa makusudi. Kikomo cha 0.1 ni cha angstromu, si cha sehemu, kwa sababu sehemu ya 0.001 kwenye seli ya 30 Å si sawa na sehemu ya 0.001 kwenye seli ya 3 Å. Ni salama pia, maana hata atomi mbili za hidrojeni kwenye molekuli yake zimeachana kwa takriban 0.74 Å. Elementi mbili tofauti zikikutwa nukta moja hazifutwi kimyakimya: huenda ni aloi ambamo nafasi moja inagawanwa kwa asilimia, na uamuzi huo ni wa mtu, si wa fanksheni.

Jambo la tatu ni `np.floor(f + 1e-9)`. Wengi huandika `f % 1.0` na kudhani namba yote imeingia kati ya 0 na 1. Jaribu `-1e-17 % 1.0` kwenye Python: jibu ni 1.0 kamili, si sifuri, kwa kuwa tofauti kati ya moja na jibu halisi ni ndogo kuliko inavyoweza kuhifadhiwa. Atomi iliyokuwa kwenye sifuri inajikuta upande wa pili wa seli. Kwa kulinganisha, `d - np.round(d)` inaliokoa jahazi, lakini yeyote anayekagua kwa sharti la "kubwa kuliko au sawa na 0, ndogo kuliko 1" atapoteza atomi bila kujua ilikokwenda.

Pengo hilohilo lina sura ya pili. Faili la CIF (faili la kawaida la kuhifadhia miundo ya fuwele) kwa kawaida halitaji atomi zote nne. Linataja mbili tu, zinki moja na oksijeni moja, pamoja na kundi la simetria P6₃mc, namba 186. Atomi nyingine zinapatikana kwa kutumia operesheni 12 za kundi hilo. Anayerudia mistari miwili moja kwa moja anapata atomi 36 na densiti ya 2.84 g/cm³, nusu kamili. Na anayetumia operesheni hizo huku nafasi imeandikwa 0.3333 na 0.6667 atakutana na mzuka mwingine: operesheni inayopeleka x na y kwenye −y na x − y inazalisha 0.3333 na 0.6666. Hiyo si nukta ileile; imetengana nayo kwa 0.0003 Å. Kikomo kikiwa 0.00001, zote mbili zinabaki. Andika theluthi kama `1/3`, usiandike desimali nne. Inapolazimu kuandika desimali, ziwe kumi.

Atomi 72, densiti sahihi, fuwele mbovu

Baada ya usafi huo zilitoka atomi 72, zinki 36 na oksijeni 36, kwenye ujazo wa 857.35 Å³. Densiti: 5.67. Kila kitu kilichohesabika kilikubali. Vifungo vikakataa.

Kosa liko kwenye `A @ g`. Matriksi A imeandikwa kwa safu mlalo: mlalo wa kwanza ni vekta a, wa pili b, wa tatu c. Kwa mpangilio huo nafasi ya Kartesi (x, y na z kwa angstromu) ni `g @ A`, yaani sehemu ya kwanza mara a, jumlisha ya pili mara b, jumlisha ya tatu mara c. Kuandika `A @ g` ni kutumia safu wima kana kwamba ndizo vekta. Vekta ya kwanza inakuwa (3.250, −1.625, 0) yenye urefu wa 3.634 Å, na ya pili (0, 2.8146, 0) yenye urefu wa 2.815 Å. Pembe kati yake ni 116.6°. Kimiani, yaani wavu mzima wa nukta zinazojirudia, kimepinduliwa na kusukumwa kando. Theluthi zilizokuwa zikiweka oksijeni tatu kwa umbali mmoja sasa zinaziweka kwenye 1.826, 1.934 na 2.257 Å. Kifungo cha wima peke yake kimebaki 1.989 Å, kwa kuwa c haikuchanganyika na a wala b. Kingoni hali ni mbaya zaidi: seli iliyorudishwa ilifuata safu mlalo na atomi zilifuata safu wima, kwa hiyo bloku la atomi halikutoshana na sanduku lake.

Kwa nini densiti haikusema kitu? Ujazo wa seli ni determinanti ya matriksi, na determinanti haibadiliki matriksi inapopinduliwa, yaani safu mlalo zinapofanywa safu wima. Huu ndio moyo wa kisa chote. Hesabu ya atomi, ujazo na densiti ni vipofu kwa kosa hili hasa. Vinaona atomi zilizozidi na zilizopungua; haviwezi kuona atomi zilizokaa pasipo pake.

Na kwa nini NaCl haikusema kitu? Matriksi ya mchemraba ni 5.640 kwenye mshazari na sifuri kwingineko. Ukiipindua inabaki ileile. Superseli ya 2×2×2 ilitoa atomi 64 na vifungo vya 2.820 Å, sahihi kabisa, kwa fanksheni iliyokosewa. Mfumo wowote wenye pembe zote za 90°, ukiandikwa kwa vekta zilizolala juu ya mihimili, utafanya vivyo hivyo.

Kuna mtego wa ndani zaidi ambao hata waangalifu hunaswa. Mtu anasema, basi nitajaribu kwa seli isiyo ya pembe mraba, nachukua seli ndogo kabisa ya silikoni au ya shaba. Vekta zake kwa kawaida huandikwa (0, a/2, a/2), (a/2, 0, a/2), (a/2, a/2, 0). Zitazame kama matriksi: kilicho juu ya mshazari ni sawa na kilicho chini yake. Ukiipindua haibadiliki! Jaribio linapita, nayo fanksheni bado ni mbovu. Seli ya jaribio lazima iwe na matriksi isiyofanana na pindu lake, na ya pembesita ndiyo iliyo karibu zaidi mkononi.

Kosa lililonyamaza

Baada ya kubadilisha `A @ g` kuwa `g @ A`, superseli ya 3×3×2 ilikuwa sahihi kwa kila kipimo. Fanksheni haikuwa sahihi. Tazama kinachorudishwa: `A * n`. Kwa NumPy (maktaba ya hesabu ya Python, `np` kwenye msimbo), kuzidisha matriksi ya 3×3 kwa orodha ya namba tatu kunazidisha safu wima: ya kwanza kwa n[0], ya pili kwa n[1], ya tatu kwa n[2]. Kinachotakiwa ni safu mlalo, vekta a nzima mara n[0], na kadhalika. Kwa 3×3×2 makosa hayaonekani, kwa kuwa a na b zinazidishwa kwa namba moja, na c haina sehemu ya x wala y. Bahati tupu.

Badilisha ukubwa uwe 4×2×1. Vekta b ya superseli inapaswa kuwa (−3.250, 5.629, 0), urefu 6.50 Å. `A * n` inatoa (−6.500, 5.629, 0), urefu 8.60 Å, na pembe kati yake na a inakuwa 139.1° badala ya 120°. Determinanti, kwa mara nyingine, ni ileile: ujazo mara nane. Atomi zenyewe zimekaa vizuri ila sanduku limepinda, hivyo atomi za katikati zina vifungo sahihi na za kingoni zinaona majirani wa kubuni. Kosa la namna hii ni la hatari kuliko lile la kwanza, kwani wastani wa vifungo unaonekana karibu na ukweli na mtu anaweza kuulaumu mpangilio wa hesabu badala ya sanduku.

Fanksheni baada ya matengenezo

```
def jenga_superseli(A, f, alama, n):
    A = np.asarray(A, float)     # safu mlalo = a, b, c
    f = np.asarray(f, float)     # majiranukta ya kisehemu
    n = np.asarray(n, int)
    T = np.array([(i, j, k) for i in range(n[0])
                            for j in range(n[1])
                            for k in range(n[2])])
    mpya = (f[:, None, :] + T[None, :, :]).reshape(-1, 3) / n
    return A * n[:, None], mpya, np.repeat(alama, len(T))
```

Inarudisha majiranukta ya kisehemu ya superseli, si ya Kartesi. Ndiyo maana ya kugawanya kwa n: atomi iliyokuwa kwenye 1/3 ya seli ndogo, ikirudiwa mara 3, iko kwenye 1/9, 4/9 na 7/9 ya seli kubwa. Anayesahau kugawanya anapata sehemu zinazofika hadi 2.67. Programu inayozikunja kurudi ndani ya seli itazirundika nakala zote juu ya nukta moja, na tunarudi kwenye umbali wa sifuri. Kubaki kwenye sehemu kuna faida nyingine: Kartesi hupatikana mahali pamoja tu, kwa `mpya @ A`, na kosa la kupindua halina pa kujipenyeza mara ya pili.

Mpangilio wa atomi nao si wa kubahatisha. Nakala 18 za zinki ya kwanza zinatangulia, kisha 18 za ya pili, kisha oksijeni. Faili la POSCAR, linaloipa muundo VASP (programu ya kukokotoa nishati za atomi), hutaka atomi za elementi moja zikae pamoja, na hapa zinakaa hivyo bila kupangwa upya, mradi faili la mwanzo lilizipanga. Lakini lazima alama zifuate mpangilio huohuo. `np.repeat` inatoa Zn mara 18, Zn mara 18, O mara 18, O mara 18. Mtu akiandika `np.tile`, inatoka Zn, Zn, O, O, Zn, Zn, O, O hadi mwisho. Idadi ni 36 kwa 36, densiti haijabadilika, hata umbali kati ya nukta na nukta haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba zinki imekaa penye oksijeni. Kipimo pekee kinachoiona hitilafu hii ni kuuliza kila atomi majirani zake ni nani.

Jaribio linalouma

```
def umbali(A, f):
    d = f[:, None, :] - f[None, :, :]
    d = d - np.round(d)
    return np.linalg.norm(d @ A, axis=-1)

A, f, alama = jenga_superseli(A0, f0, alama0, (4, 2, 1))
D = umbali(A, f)
assert len(f) == 32
for m in range(len(f)):
    j = np.argsort(D[m])[1:5]
    assert np.all(alama[j] != alama[m])
    assert np.allclose(D[m][j], [1.974, 1.974, 1.974, 1.989],
                       atol=0.001)
```

Ukubwa wa 4×2×1 umechaguliwa ili namba tatu zitofautiane. Kukagua kila atomi, badala ya moja ya mfano, ndiko kunakonasa sanduku lililopinda. Usilifanye jaribio hili kwenye seli moja isiyorudiwa: humo oksijeni tatu za pembeni ni taswira, yaani nakala zinazojirudia, za atomi moja ileile, fanksheni itaiona mara moja tu, na jaribio litafeli pasipo kosa.

Kuna mpaka wa `np.round` unaopaswa kujulikana. Kwenye seli iliyoinama, kuzungusha sehemu hakuhakikishi taswira iliyo karibu zaidi, isipokuwa kwa umbali ulio chini ya nusu ya kimo kifupi cha seli, kimo kikipimwa wima kutoka uso mmoja hadi uso wa mkabala. Kwa 4×2×1 kimo kifupi ni 5.207 Å, nusu yake 2.60 Å, na vifungo vyetu vya chini ya 2 Å viko salama. Kwa 3×3×2 kimo kifupi ni 8.44 Å, si 9.75 Å kama urefu wa vekta unavyodanganya.

Kipimo cha mwisho ni cha simetria. Ipe spglib (maktaba ya kutafuta simetria ya fuwele) superseli ya 3×3×2 na uiombe seli ndogo kabisa: inapaswa kurudisha atomi 4 na kundi 186. Kikomo chake cha kawaida ni 0.00001, kwa hiyo faili lenye 0.3333 litaporomoka hadi kundi la simetria ya chini, maana kosa lake ni la takriban 0.0002 Å. Hapo usikimbilie kulegeza kikomo. Rekebisha theluthi kwanza.

Sanduku la pembe mraba

Programu nyingi za mienendo ya molekuli hufanya kazi kwa urahisi zaidi sanduku likiwa la pembe mraba, na pembesita haizuii hilo. Vekta mpya ni a, kisha a + 2b, kisha c. Ile ya pili inatoka (0, 5.629, 0), wima kabisa juu ya a. Hapa namba tatu hazitoshi. Inahitajika matriksi P ya namba nzima:

```
P = [[1, 0, 0],
     [1, 2, 0],
     [0, 0, 1]]
```

Seli mpya ni `P @ A`, majiranukta mapya ni `f @ inv(P)`, na idadi ya nakala ni determinanti ya P bila alama, hapa 2, yaani atomi 8. Ugumu uko kwenye kutafuta mahamisho yanayoangukia ndani ya seli mpya:

```
from itertools import product

def jenga_kwa_P(A, f, alama, P):
    P = np.asarray(P, int)
    f = np.asarray(f, float)
    idadi = int(round(abs(np.linalg.det(P))))
    Q = np.linalg.inv(P)
    kona = np.array(list(product((0, 1), repeat=3))) @ P
    chini, juu = kona.min(axis=0), kona.max(axis=0)
    T = np.array(list(product(*[range(chini[q], juu[q] + 1)
                                for q in range(3)])))
    g = T @ Q
    T = T[np.all((g > -1e-8) & (g < 1 - 1e-8), axis=1)]
    assert len(T) == idadi
    mpya = (f[:, None, :] + T[None, :, :]).reshape(-1, 3) @ Q
    mpya = mpya - np.floor(mpya + 1e-9)
    return P @ A, mpya, np.repeat(alama, idadi)
```

Kona nane za seli mpya zinatoa mipaka ya kutafutia, kisha kila hamisho linapimwa kama liko ndani. Kwa P hii yanabaki mawili, (0, 0, 0) na (1, 1, 0). Ule mstari wa `assert` usiondolewe kamwe. Bila uvumilivu wa 1e-8, hamisho lililo juu ya uso wa seli linaweza kuhesabiwa mara mbili au kuachwa kabisa, kutegemea desimali ya kumi na sita ilivyoangukia. Determinanti ikiwa hasi, seli imegeuka ya mkono wa kushoto, na zipo programu zitakazoikataa. Badilishana milalo miwili ya P.

Na hapa kosa la kupindua linarudi kwa mlango wa nyuma. Majedwali ya Kimataifa ya Kristalografia huandika vekta mpya kwenye safu wima za P, ilhali `make_supercell` ya ASE (maktaba ya Python ya kushughulikia atomi), kama fanksheni hii, huzisoma kwenye safu mlalo. P iliyonakiliwa kutoka mpangilio mmoja ikatumika kwenye mwingine inatoa vekta a + b na 2b: urefu wa 3.25 na 6.50 Å, pembe ya 60°. Determinanti ni 2, atomi ni 8, densiti ni 5.67, na safari hii hata vifungo ni sahihi, kwa kuwa hiyo nayo ni superseli halali ya ZnO, ila si ile iliyoombwa. Chapisha pembe za seli kabla ya kuandika faili. Zikisoma 60° mahali pa 90°, pindua P.